Tukihama, Tutatoka na Nini? Kaole na Uchaguzi wa Majukwaa ya Kufundishia

Mwezi uliopita nilialikwa na walimu wa shule moja ya sekondari iliyo jirani na Kaole, kusini kidogo mwa mji wa Bagamoyo. Walitaka niwasaidie kuamua jambo ambalo kwa maelezo yao lilikuwa dogo na la kiufundi. Shule ilikuwa imepokea kompyuta 12 kutoka kwa wafadhili, na sasa ilitakiwa kuchagua jukwaa la mtandaoni la kufundishia: mahali ambapo mwalimu ataweka masomo, mwanafunzi atakusanya kazi, na alama zitatunzwa.

Mezani palikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza lilitoka kwa kampuni iliyoahidi kila kitu bure kwa mwaka mmoja: masomo yaliyokwisha tayarishwa, mitihani inayojisahihisha yenyewe, na taarifa za maendeleo ya kila mwanafunzi. Kazi zote zingehifadhiwa katika mitambo ya kampuni hiyo nje ya nchi. La pili lilikuwa programu huria isiyouzwa, ya kufungwa kwenye kompyuta moja ya shule, ambayo ingemlazimu mwalimu mmoja au wawili kujifunza namna ya kuitunza. Walimu waligawanyika. Vijana walivutiwa na la kwanza kwa sababu ya wepesi wake. Wakubwa walisitasita, lakini hawakuweza kusema wanachokiogopa.

"Dokta, sisi tuambie tu lipi lililo bora, tulichukue," akasema mwalimu wa taaluma.

Sikumjibu siku ile. Mimi ni mwalimu wa historia wala si mtaalamu wa kompyuta, na swali lake lilinikumbusha hasara ambayo nimeibeba kwa miaka kadhaa na ambayo nitaieleza hapa chini. Nilimwomba muda. Makala hii ndiyo jibu langu kwake, na kwa kila mkuu wa shule, mhadhiri au ofisa wa elimu ambaye leo au kesho atawekewa mkataba wa namna hiyo mbele yake ili atie saini.

Bandari iliyofungwa

Baada ya kikao nilitembea hadi kwenye magofu. Wasomaji wangu wengi wanayafahamu: msikiti wa kale unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, mabaki ya msikiti mwingine, makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu. Neville Chittick, mwanaakiolojia wa Kiingereza, alifanya uchimbaji hapo mwaka 1958, na vyombo vya kigeni vilivyopatikana vinathibitisha kwamba mji huu ulifanya biashara na nchi za mbali ng'ambo ya bahari.

Leo ukisimama kwenye magofu huioni bahari kwa urahisi. Kinachoonekana ni mikoko. Simulizi ya mahali hapo ni kwamba mchanga na mikoko viliifunga bandari, vyombo vikashindwa kufika pwani, na shughuli zikahamia Bagamoyo. Hakuna aliyeamka asubuhi moja akaikuta bahari imeondoka. Kila mwaka maji yalikuwa mafupi kidogo kuliko mwaka uliotangulia, mpaka kufika mwaka ambao hapakuwa na sababu ya nahodha kutia nanga hapo.

Waliohama Kaole hawakubeba kuta za matumbawe. Mtu anayehama hubeba vinavyobebeka: ujuzi wake, nasaba yake, dini yake, lugha yake. Nikiwa pale nilianza kuona kwamba swali la mwalimu wa taaluma lilikuwa limeanzia mahali pasipo penyewe. Aliuliza jukwaa lipi ni bora leo, siku ambayo kila jukwaa linang'aa. Historia ya elimu katika mwambao huu inatufundisha kuuliza kuhusu siku ya kuhama. Siku hiyo huja, hata kama hatujui ni lini. Itakapokuja, tutatoka na nini mikononi?

Chuo kilipokuwa kitabu

Tuanze na neno tunalolitumia kila siku bila kulitazama. Katika Kiswahili cha kale, chuo maana yake ni kitabu. Ndiyo maana mtu aliyebobea katika elimu huitwa mwanachuoni. Baadaye neno hilohilo likawa jina la mahali pa kusomea, na leo tunasema chuo kikuu tukiwa na maana ya majengo, bodi, kamati na ankara za umeme. Lakini asili ya neno inatukumbusha kwamba wazee wetu waliiita shule kwa jina la kile kinachosomwa. Nyumba yenyewe ingeweza kuwa baraza la mwalimu, uwanja wa msikiti, au kivuli cha mti.

Chombo cha mtoto wa chuoni kilikuwa ubao wa mti. Mwalimu aliandika somo kwa wino, mtoto akalisoma mpaka akalihifadhi, kisha ubao ukaoshwa na somo jipya likaandikwa. Sitaki kuipamba hali hiyo. Kukariri kulizidi kufahamu, na fimbo haikuwa mbali. Hata hivyo tutazame ubao kama chombo. Ulikuwa wa mtoto mwenyewe. Ungeweza kutengenezwa na seremala yeyote wa kijijini. Ulipovunjika, somo halikupotea, kwa kuwa lilikwisha kuingia kichwani. Mtoto aliyehama kutoka Kaole kwenda Bagamoyo, Unguja au Lamu alikuta ubao uleule na hati ileile, akaendelea na somo pale alipoishia. Hakuna mtu aliyeweza kuufungia ubao kutoka mbali.

Wakati hati ilipobadilishwa

Mabadiliko makubwa ya kwanza ya jukwaa la elimu katika pwani yetu yalikuwa ya hati, zamani sana kabla ya umeme. Wajerumani walipoitwaa nchi, walikuta watu wa mwambao wakiandikiana barua, wakifanya hesabu na kutunga tenzi kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Bagamoyo yenyewe ilikuwa makao makuu ya utawala huo kabla hayajahamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Shule za serikali zilizoanzishwa katika miji ya pwani kuanzia miaka ya 1890, ya Tanga ikitangulia, zilifundisha kwa herufi za Kirumi, kwa kuwa serikali ilihitaji makarani na maakida ambao maandishi yao yangesomeka ofisini. Waingereza waliendeleza njia hiyo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia lugha hiyo katika nchi nne za Afrika Mashariki, kwa hati za Kirumi.

Simaanishi kwamba hati za Kirumi zilikuwa mbaya. Magazeti yetu, vitabu vyetu na hata makala hii vimeandikwa kwazo, na pengine ziliurahisishia umma kazi ya kujifunza kusoma. Ninachosema ni kwamba uamuzi ulifanywa na mtawala kwa mahitaji ya ofisi yake, na hapakujengwa daraja la kuwavusha waliokuwa upande wa pili. Mwanachuoni aliyekuwa ameandika kwa miaka 30 akajikuta hawezi kusoma tangazo lililobandikwa kwenye mti wa soko lake. Mjukuu wake aliyesoma shule ya serikali hakuweza kusoma barua za babu yake. Masanduku ya karatasi zile yamo hadi leo katika nyumba za mwambao, na wengi wa wanaoyarithi hawajui kama wamerithi hati ya shamba au utenzi.

Kisa cha Mtoro bin Mwinyi Bakari kinatuonyesha upande mwingine wa jambo hili. Alikuwa mwalimu kutoka sehemu hizihizi za Bagamoyo, aliyelelewa katika elimu ya chuoni. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Huko aliandika kwa kina juu ya desturi za watu wa pwani: kuzaliwa, malezi, ndoa, safari, maziko. Kitabu kilichotokana kwa sehemu kubwa na kalamu yake, "Desturi za Wasuaheli", kilichapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa herufi za Kirumi, na jina lililotangulia juu ya jalada lilikuwa la mhariri, Carl Velten. Mtoro alipojaribu kurudi nyumbani pamoja na mkewe Mjerumani, watawala wa koloni walimkatalia, akarudi Ujerumani na kufia huko mwaka 1927. Maarifa yalikuwa ya Bagamoyo, lakini chombo cha kuyahifadhi na mlango wa kuyafikia vilikuwa vya wengine. Mwalimu anayepakia maandalizi yake ya miaka kumi kwenye jukwaa asilolimiliki, bila kusoma mkataba unasema kazi hiyo ni ya nani, akikumbuke kisa hiki.

Redio na kijitabu

Baada ya uhuru nchi yetu ilifanya uchaguzi mwingine wa jukwaa, na safari hii naona tulifanya vizuri kuliko tunavyokumbuka. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa kushirikiana na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Redio Tanzania Dar es Salaam, iliendesha kampeni za elimu kwa umma kupitia redio. Mwaka 1971 ilikuwa "Wakati wa Furaha", kuadhimisha miaka 10 ya uhuru wa Tanganyika. Mwaka 1973 ikaja "Mtu ni Afya", iliyowafikia takriban watu milioni 2. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai".

Mwanafunzi anayesoma habari hizi leo hudhani ni historia ya redio. Ukweli ni kwamba redio ilikuwa sehemu moja tu. Watu waliketi katika vikundi vya kusikiliza, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Redio moja ilitosha kikundi kizima. Kijitabu kilichapishwa ili mambo yaliyosemwa redioni yasomwe na kujadiliwa, na siku ambayo betri ilikwisha au mawimbi yakakatika, kikundi kilikuwa na kitu cha kushika. Baada ya majadiliano watu walitoka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyoleta mbu. Kipindi kilipokwisha, choo kilibaki, kijitabu kilibaki, na kiongozi wa kikundi alibaki kijijini.

Kampeni hizo zilikuwa na kasoro zake, nazo ni zile za serikali ya chama kimoja iliyopenda kuzungumza kuliko kusikiliza. Lakini waliozipanga walielewa jambo ambalo leo linawapita wauzaji wengi wa majukwaa: chombo kisipotegemewa peke yake, kikikatika somo haliishi.

Mashine ya Hazina na mihadhara ya setilaiti

Tulifanya pia makosa, na hayo nayo yanafundisha. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali katika mfumo wa kompyuta lilileta hasara na fadhaa, kwa sababu nchi ilinunua mashine kabla ya kuandaa watu wa kuiendesha na kuikagua, ikategemea wageni katika kila hatua. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wengi huicheka marufuku hiyo, wakiiona kama woga wa maendeleo. Mimi naiona kuwa kosa la pili lililozaliwa na kosa la kwanza. Tulinunua bila kujifunza, tukaungua, kisha tukakataa hata kujifunza. Kizazi kizima cha watumishi wa umma kililipa gharama ya yote mawili.

Mwaka 1997 kikaanza Chuo Kikuu cha Afrika kwa Njia ya Mtandao, kilichobuniwa na Benki ya Dunia. Mihadhara ya maprofesa wa ng'ambo ilirushwa kwa setilaiti hadi katika vyuo vya Afrika, Kenyatta kwa jirani zetu kikiwa miongoni mwake. Baadaye makao yake yalihamishwa kutoka Washington hadi Nairobi, mwaka 2002, na chuo hicho kikaelekea zaidi kwenye kuandaa masomo pamoja na vyuo vya Kiafrika vyenyewe. Mabadiliko hayo yalikuwa ungamo la kimyakimya. Somo lililoandaliwa mahali pengine kwa ajili ya wanafunzi wengine halikuwa limepata mwenyeji. Lilikuwa mgeni anayeonekana kwenye kioo kwa saa moja na kuondoka.

Miaka hiyohiyo vyuo vikuu duniani vilianza kutumia mifumo ya kufundishia mtandaoni. Mmoja uliosambaa sana uliitwa WebCT, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2006 uliingizwa katika kampuni shindani ya Blackboard, na baada ya muda jina lake likatoweka. Vyuo vilivyokuwa vimejenga masomo yao yote ndani yake vililazimika kuhama vikiwa tayari au visiwe tayari. Haikuwa hila. Kampuni moja ilinunua nyingine, kama inavyotokea kila mwezi katika biashara. Lakini kwa mhadhiri, bandari ilifungwa.

Kwa upande mwingine, mwaka 2002 Martin Dougiamas wa Australia alitoa toleo la kwanza la Moodle, programu huria ambayo chuo chochote kinaweza kuifunga katika mitambo yake, kuirekebisha na kuihamisha bila kuomba ruhusa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni miongoni mwa vinavyoitumia. Programu ya aina hiyo hailipiwi leseni, lakini tusijidanganye kwamba ni ya bure. Inadai fundi, umeme, nakala za akiba na nidhamu. Seva isiyo na mtunzaji inakufa haraka kuliko kampuni yoyote.

Hasara niliyoisababisha

Sasa nieleze nilichokisema hapo juu kwamba nimekibeba. Miaka kadhaa iliyopita, katika taasisi moja ambayo sitaitaja, nilifundisha somo la historia simulizi. Kwa miaka mitatu niliwatuma wanafunzi wangu Kaole, Dunda na mitaa ya zamani ya Bagamoyo kuzungumza na wazee. Waliwauliza juu ya chuoni, juu ya mashamba ya minazi, juu ya wavuvi, juu ya vikundi vya redio vya "Mtu ni Afya". Mzee mmoja wa Kaole, ambaye alikuwa karibu haoni, aliwasomea vijana wangu kwa kichwa masomo aliyofundishwa ubaoni akiwa mtoto. Mama mmoja alieleza namna kikundi chao kilivyokutana chini ya mwembe, na namna alivyojifunza kusoma kwa kukifuata kijitabu kwa kidole.

Sauti zote hizo tulizipakia kwenye jukwaa ambalo taasisi ilikuwa ikilitumia kwa hisani ya mradi. Lilikuwa zuri. Nililisifu katika semina. Mradi ukaisha, mkataba haukuhuishwa, na barua ya kututahadharisha ikaenda kwenye anwani ya ofisa aliyekwisha kuhamishwa. Siku nilipotaka kulifungua ili niwaonyeshe wanafunzi wapya kazi za kaka na dada zao, ukurasa haukuwepo. Tulihangaika kwa wiki sita. Baadhi ya wanafunzi walikuwa na vipande katika simu zao. Wengine walikuwa wamebadilisha simu. Kati ya mazungumzo 41 tuliyoyarekodi, tulipata 9.

Naweza kuilaumu taasisi, au mradi, au mwenye jukwaa. Lakini hakuna aliyenizuia kutunza nakala. Mimi ninayewafundisha vijana umuhimu wa nyaraka sikuwahi kuuliza namna ya kuzitoa nyaraka zangu mle nilimozitia. Yule mzee amefariki. Yule mama amefariki. Mwanawe aliwahi kunipigia simu kuomba sauti ya mama yake, ili wajukuu waisikie. Ilinibidi nimwambie kwamba sina.

Mambo mawili ya karibuni

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni ya zamani, na kwamba leo mtandao umetulia. Nikumbushe mambo mawili. Tarehe 17 Machi 2020 shule zilitangazwa kufungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Vyuo na kidato cha sita vilirudi tarehe 1 Juni, na madarasa mengine tarehe 29 Juni. Katika wiki hizo vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni, na walimu wengi walituma maswali kwa simu. Tuligundua wakati huo kwamba jukwaa lisilofika nyumbani kwa mwanafunzi si jukwaa la mwanafunzi huyo. Kijana wa Kaole ambaye baba yake ni mvuvi hakuwa na bando la kutazama mihadhara, lakini redio ilikuwepo nyumbani.

Jambo la pili ni la tarehe 12 Mei 2024, ambapo nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, na nchi yetu, pamoja na majirani zetu kadhaa, ikakosa mtandao au ikabaki na mtandao dhaifu. Waya wa Seacom tuliupokea Dar es Salaam mwaka 2009 kwa shangwe, na shangwe ilistahili. Lakini siku zile za Mei, shule iliyokuwa na masomo yake kwenye kompyuta ya hapohapo shuleni iliweza kuendelea kufundisha. Ile iliyoyaweka yote ng'ambo ilibaki ikingoja meli ya mafundi.

Jibu langu kwa mwalimu wa taaluma

Mwalimu wangu, hukuniomba historia, uliomba jibu. Ninalo katika maswali matano. Yaulizeni mapendekezo yote mawili, bila kumwonea aibu mfadhili wala kumhofu mtaalamu.

Kwanza, kazi zetu zinatokaje? Msikubali kuambiwa kwamba inawezekana. Chukueni kazi za darasa moja, mziingize, kisha mzitoe siku hiyohiyo, na mzifungue kwenye kompyuta nyingine isiyo na jukwaa hilo. Zikifunguka, endeleeni na swali la pili. Zisipofunguka, msitie saini.

Pili, mtandao ukikatika somo linaendelea? Zipo programu zilizotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na mtandao wa kutegemewa, Kolibri ikiwa mojawapo, ambazo masomo yake hukaa kwenye kompyuta ya shule na kusomwa na nyingine zilizounganishwa nayo. Hata mkichagua jukwaa la mtandaoni, kila somo liwe na karatasi yake. Kijitabu cha "Mtu ni Afya" hakikuwa cha kizamani, kilikuwa busara.

Tatu, taarifa za watoto zinakaa wapi, na nani anaziona? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inaweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Alama za mtoto, makosa yake, saa anazosoma na picha yake si malipo ya kumpa mtu kwa sababu ametupa mwaka mmoja bure.

Nne, nani miongoni mwetu atakijua chombo hiki kwa undani? Hazina ya mwaka 1965 ilinunua mashine na kukodi akili. Mkichagua programu huria, walimu wawili wafundishwe, si mmoja, kwa maana mmoja atahamishwa. Mkichagua kampuni, walimu haohao wawili waujue mkataba na tarehe zake kama wanavyojua ratiba ya mitihani.

Tano, ni nini kitakachobaki mwanafunzi akishahitimu? Kama kitakachobaki ni alama tu katika mitambo ya mtu mwingine, basi tumemnyang'anya ubao wake. Kila mwanafunzi aondoke na kazi zake, katika karatasi au katika kifaa, zikiwa na jina lake juu.

Kwa maofisa wa wizara na halmashauri wanaosoma hapa, naongeza neno moja. Shule moja ya Kaole haiwezi kubishana na kampuni ya kimataifa. Nchi inaweza. Masharti haya matano yangewekwa mara moja katika mwongozo wa taifa, kila mkuu wa shule angekuwa na mahali pa kusimama. Tusiwaache wabebe peke yao uamuzi ambao makosa yake huonekana baada ya wao kustaafu. Wala tusirudi kwenye marufuku ya 1974. Tulishaona kwamba kukataa chombo hakukuwa kujifunza.

Walimu wale hawajaamua bado, na sitawaamulia. Nilimpigia simu mwalimu wa taaluma juzi, akaniambia kwamba wameanza na jaribio la swali la kwanza, na kwamba pendekezo moja tayari limeshindwa kutoa kazi za kidato cha pili kwa namna inayosomeka. Hakuniambia ni lipi, nami sikumuuliza.

Mimi nimerudi Kaole na wanafunzi wangu. Tumeanza upya. Wazee waliobaki wanaoweza kusimulia ni wachache, na kila Jumamosi tunakwenda kwa mmoja wao. Kila mazungumzo sasa yana nakala tatu: moja ya chuo, moja ya mwanafunzi, na moja tunampa mwenye sauti au watoto wake siku ileile kabla hatujaondoka. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoanza nayo.